Je, Majnun alimpenda Laila kweli?

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Makorora hapa Tanga, nauza duka la vitambaa Ngamiani. Kuna kijana tumejuana mwaka na kitu. Ananipenda mpaka watu wanajua. Kila jioni nikifunga duka namkuta ng'ambo ya barabara na baiskeli yake, hasemi kitu, ananitazama tu mpaka nipande bajaji. Anasema yeye ni Majnun na mimi ndiye Laila wake. Hadithi yenyewe amenitumia kwenye simu, nimeisoma yote nikalia. Mwezi uliopita nilimwambia nimepata nafasi ya kwenda kusomea uuguzi, akakaa siku tatu hali wala hazungumzi. Dada yangu anasema mwanamume wa hivi siku hizi hapatikani, haya ndiyo mapenzi ya kweli. Mama mdogo anasema yule Majnun alikuwa na wazimu tu, na huyu wangu ana jini mahaba. Wewe umesomesha fasihi na sasa unashauri watu. Niambie ukweli, Majnun alimpenda Laila au alipagawa tu?"

Marahaba, mwanangu.

Swali lako lina wanaume wawili ndani yake, mmoja wa jangwani Uarabuni na mmoja wa baiskeli Ngamiani. Nitaanza na wa jangwani. Ndiye uliyemuulizia, na huyo hata tukimsema hanuni.

Kwa wasomaji ambao hawajatumiwa hadithi hii kwenye simu, ni hivi. Qays, kijana wa kabila la Banu Amir, anasoma chuoni pamoja na binti anayeitwa Laila. Wanapendana wangali wadogo. Qays anashindwa kujizuia, anamwimba hadharani mpaka watu wanampa jina la Majnun. Baba yake anakwenda kumposea, baba wa Laila anakataa. Kijana anakimbilia jangwani, anaishi na wanyama wa mwitu na kutunga mashairi. Laila anaozwa mwanamume mwingine, Ibn Salam. Mwishowe Laila anakufa kwa maradhi, na Majnun anafia juu ya kaburi lake. Simulizi za Waarabu zinamweka Qays katika karne ya 7, lakini sura ya hadithi inayojulikana zaidi ni ile ya utenzi wa Kiajemi alioutunga Nizami wa mji wa Ganja mwaka 1188, na humo ndimo nitakamochukua mifano yangu.

Mama mdogo tumpe haki yake kwanza. Majnun kwa Kiarabu ni mtu aliyeingiwa na jini, na sisi wa pwani tumelichukua neno hilo tukapata majununi. Hata matabibu wa zamani hawakuwa mbali naye. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyaandika mapenzi ya kuzidi kiasi katika kitabu chake cha tiba kama maradhi yanayokaribiana na huzuni nzito. Akaeleza namna ya kumjua anayependwa na mgonjwa anayeficha: mshike mkono kwenye mshipa, mtajie majina ya watu na mitaa, jina litakaloufanya mshipa uruke ndilo. Na dawa aliyoiona bora, ikiwa sheria inaruhusu, ni kuwaoza. Watu wa bara wanaosema mapenzi yalizaliwa Tanga wangempenda sana tabibu huyu.

Lakini jini halitoshi kueleza kila kitu. Katika utenzi wa Nizami, baba wa Majnun anampeleka Makka akaombe aponywe. Kijana anaishika Kaaba na kuomba kinyume chake: Mungu amzidishie mapenzi hayo, hata akimpunguzia umri. Mtu anayeomba maradhi yake yaongezeke anajua anachofanya. Anakitaka. Kwa hiyo jini, kama lipo, lina mwenyeji aliyelifungulia mlango na kulitandikia mkeka.

Sasa dada yako. Yeye anapima mapenzi kwa uzito wa mateso, na wengi wetu tunapima hivyo. Tumekulia kwenye taarabu. Mtu asiyelala, asiyekula, aliyekonda mpaka mashavu yakaingia ndani, huyo tunasema kapenda. Ukweli ni kwamba mateso yanakuonyesha hali ya anayeteseka, na hapo ndipo yanapokomea. Juu ya anayependwa hayakuambii kitu. Mwenye njaa naye halali, na hatusemi anaupenda ubwabwa kwa moyo wa dhati.

Wapo pia wanaoteleza upande wa pili, wakadhani ashiki ni uongo, kwamba aliyepagawa anaigiza. Haigizi hata kidogo. Mwaka 2005 Helen Fisher na watafiti wenzake huko Marekani walichapisha matokeo ya kupiga picha za ubongo watu 17 waliokuwa wamezama mapenzini, huku wakitazama sura za wapenzi wao. Sehemu zilizochangamka ni zile zinazomsukuma binadamu kukimbilia kitu anachokitamani, zenye kemikali iitwayo dopamini. Kabla ya hapo, mwaka 1979, mwanasaikolojia Dorothy Tennov alikuwa amewahoji mamia ya watu akakuta hali inayojirudia kwa wengi, akaibunia jina jipya, limerensi. Mawazo ya mtu mmoja yanaingia kichwani bila hodi. Unatafuta dalili katika kila kitu: kanitazama, hakunitazama, kaandika nukta mbili badala ya tatu. Na kinachoichochea hali hiyo, Tennov alisema, ni matumaini yaliyochanganyika na mashaka. Ukimpata mtu kabisa, moto unatulia. Ukikatiwa tamaa kabisa, nao hufifia. Ila ukiwekwa katikati, kwenye "huenda", unaweza kuungua miaka na miaka.

Ngoja nikupe yangu. Nikiwa na miaka 19 nilimpenda kijana aliyekuwa akipita barabara ya kwetu na baiskeli kila siku saa kumi na moja jioni. Nilikuwa naijua kengele yake kati ya kengele mia, na hapa Tanga kengele za baiskeli si haba. Nilikonda. Mama akaninunulia dawa ya minyoo. Siku moja kijana mwenyewe akabisha hodi, akakaa barazani na kaka yangu, nami nyuma ya pazia nikamsikiliza nusu saa nzima akizungumzia bei ya matairi. Homa yote ikashuka. Maskini hakuwa na kosa lolote. Mimi nilikuwa nimeipenda saa kumi na moja.

Majnun hakupata bahati ya kumsikia Laila akizungumzia bei ya matairi. Huko ndiko nilikokuwa nakupeleka. Baada ya kutengwa kwao, hamwoni, hazungumzi naye ila kwa nadra, na kila kizuizi kinamwongezea kuni. Wahenga walisema akipendaye chongo huita kengeza, na mshairi wa Kisufi, Rumi, anayo hadithi inayokwenda papo hapo: khalifa anaitiwa Laila, anamtazama, anashangaa mbona hawashindi wanawake wengine kwa uzuri. Laila anamjibu anyamaze, kwa kuwa yeye si Majnun. Wasomaji wengi huipenda kwa sababu ya jibu la Laila. Mimi hujiuliza Laila mwenyewe alijisikiaje kujua kwamba anayeonwa na Majnun hayupo kwenye kioo chake.

Tuingie kwenye matendo, maana maneno Majnun anayo ya kujaza jahazi. Alifanya nini kwa ajili ya Laila?

Alitunga mashairi. Katika desturi za Waarabu wa jangwani, kama wasimulizi wao wanavyozieleza, binti aliyetajwa hadharani katika mashairi ya mapenzi hakuozwa aliyemtaja, kwa sababu ukoo ungeonekana umekubali aibu. Qays ni mtoto wa kabila hizo, hilo hakuweza kutolijua. Kila beti lililompendeza yeye lilikuwa kufuli jingine kwenye mlango wa Laila. Kwa Nizami baba wa binti anataja wazimu wa kijana kama sababu ya kukataa, lakini wazimu huo nao ulijulikana kwa sababu kijana aliutangaza.

Kisha anatokea shujaa mmoja, Naufal, anayemwonea huruma na kupigana na kabila la Laila ili ampatie mke. Katikati ya vita, watu wanakufa kwa ajili yake, Majnun anawaombea ushindi wa upande wa pili, kwa kuwa ni watu wa Laila! Kishairi ni jambo la kupendeza. Lakini jiweke mahali pa Laila ndani ya hema, ukisubiri kujua usiku huo utalala kwa nani.

Anapopata habari kwamba Laila ameozwa, jambo lake la kwanza ni kumlaumu kwa kukosa uaminifu, yeye ambaye hakuulizwa.

Na kuna kisa cha karatasi, ambacho nilikuwa nikiwasomea wanafunzi kila mwaka na kila mwaka darasa liligawanyika. Watu wanaikuta karatasi iliyoandikwa majina mawili, Laila na Majnun. Majnun anaichukua, anakwangua kwa ukucha jina la Laila, anaacha lake. Wanamuuliza, kwa nini umefuta la kwake na si la kwako? Anajibu kwamba wawili hao ni kitu kimoja, jina moja linatosha, na afadhali yeye awe ganda la nje na Laila awe kiini kilichofichika ndani. Wavulana darasani walikuwa wakisema ahaa, huo ndio upendo, amejifanya ganda. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akasema, "Mwalimu, mbona lililobaki kusomeka ni la kwake?" Sikupata jibu zuri siku ile, na sijalipata mpaka leo.

Sasa mtazame Laila, ambaye watu husahau kuuliza habari zake. Amefungiwa ndani, hana jangwa la kukimbilia, hana ruhusa ya kupiga kelele. Anaozwa, anamkatalia mumewe asimguse, na anaishi na siri hiyo kimya. Baba wa Majnun anapofariki, anayeandika barua ya kumpa pole Majnun ni Laila. Akimpata mpita njia anamuuliza Majnun yuko wapi, anafanya nini, anakaa na nani. Wanapokutanishwa bustanini karibu na mwisho, anasimama hatua kumi mbali naye, hasogei zaidi. Na akiwa kitandani anakufa anamwagiza mama yake: atakapokuja yule juu ya kaburi langu, mpokeeni vizuri, msimdharau. Roho inatoka, naye anafikiria mtu mwingine atapokewaje kesho.

Kwa hiyo ukiniuliza kama mapenzi ya kweli yamo katika hadithi hii, nitakujibu ndiyo, yamo. Nayaona kwa Laila.

Kwa Majnun nitakuwa mwangalifu zaidi kuliko mama mdogo. Mwanasaikolojia Robert Sternberg aliandika mwaka 1986 kwamba mapenzi yana nguzo tatu: ukaribu wa kujuana, shauku, na uamuzi wa kudumu. Shauku peke yake aliiita kupagawa. Majnun hawezi kuwekwa hapo, kwa sababu alidumu mpaka kufa, uamuzi anao tele. Kinachokosekana ni ukaribu, yaani kumjua mwenziwe na kujulikana naye. Shauku na uamuzi bila ukaribu, Sternberg aliyapa jina ambalo kwa Kiswahili chetu ningeliita mapenzi ya kijinga. Naona linamfaa. Basi wale wanaosema "subiri, ikidumu ni mapenzi, ikiisha ni tamaa" wakumbuke kwamba kudumu nako hakutoshi. Hata jiwe hudumu.

Kuna pingamizi moja la haki, na maustadhi wangu wangenikasirikia nikiliruka. Masufi wanaisoma hadithi hii kama safari ya roho kumwelekea Mola. Kwa usomaji huo, Laila ni alama, jangwa ni kuiacha dunia, na karatasi ile ni nafsi kupotea ndani ya anayependwa. Nauheshimu usomaji huo, na nadhani Nizami alikusudia mlango huo ubaki wazi. Ila ukubali na matokeo yake: kama Laila ni alama, basi kijana anayekwambia "wewe ndiye Laila wangu" amekwambia wewe ni alama. Alama haina usingizi, haina hamu ya kusoma, haichoki kusimama dukani kutwa. Wewe unavyo vyote hivyo. Mzaliwa wa Vibambani, Shaaban Robert, alipofiwa na mkewe Amina alimtungia shairi la maombolezo, na anayeliliwa mle ni mke aliyeishi naye, mwenye jina lake. Huo ni ushairi wa namna nyingine.

Haya, tuvuke barabara twende kwenye baiskeli.

Huyu kijana simjui, na sitamhukumu kwa barua ya mistari kumi. Huenda ni mtu mzuri aliyesoma hadithi moja akaivaa kama kanzu ya Idi, imempwaya. Vijana wengi hujifunza kupenda kutoka kwenye hadithi kwa sababu nyumbani hakuna aliyewafundisha. Wa namna hii akiambiwa wazi hubadilika, na chini ya kanzu unaweza kumkuta mtu wa kawaida anayefaa kuishi naye. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalokushauri ni kumtoa ng'ambo ya barabara. Mwambie: usinitazame kutoka kule, njoo nyumbani salamu, ukae na watu wangu, tuzungumze. Na kama kumtazama kwake kunakutia wasiwasi mwambie hivyo hivyo, bila kumzungushia maneno. Kisha angalia anafanya nini. Anayekupenda anaweza kuona haya, anaweza kununa kidogo, lakini atahama pale. Asiyehama amekujibu.

La pili, mpe mambo yako ya kawaida uone anayashika vipi. Mwambie leo una kichwa kinauma, mwambie hupendi jina la Laila, mkatalie jambo dogo. Ashiki haipendi mambo madogo, inayaona yanaharibu picha. Akianza kukuuliza kichwa kimepoa, kukuita jina lako, kukubali "hapana" yako bila msiba, hapo pana kitu cha kujengea. Akirudi kwenye mashairi, basi yumo ndani ya hadithi yake na wewe humo huhitajiki sana.

Wewe pia jichunguze, mwanangu, maana umesema ulilia. Kupendwa namna hiyo kunalewesha. Si dhambi kufurahia kungojewa. Lakini usiseme ndiyo kwa kumwonea huruma, wala kwa kuogopa kwamba hatapatikana mwingine wa hivi. Na ukiona humtaki, sema humtaki. "Nipe muda nifikirie", kwa mtu wa aina hii, ni ile "huenda" niliyoitaja juu, utamchoma nayo bila kujua.

Zile siku tatu za kutokula sizipuuzi. Mtu anaweza kususa chakula kwa huzuni ya kweli, na anaweza kususa ili mwenziwe abadilishe uamuzi. Mara nyingine mwenyewe hajui ni lipi kati ya hayo mawili. Likitokea tena, au akianza kusema maisha hayana maana, au kwamba atajidhuru ukiondoka, hilo limeshavuka uwezo wako na wangu wa kuandikiana. Waambie watu wa kwao siku hiyo hiyo, usimfichie siri, na wampeleke hospitali. Hospitali ya mkoa pale Bombo waulize huduma ya afya ya akili. Kama familia inataka pia kumsomea dua, wamsomee, dua haizuii daktari. Ila usikubali uambiwe wewe ndiye dawa yake.

Na akikufuata mpaka nyumbani baada ya kumkataza, akikupokonya simu, akikutishia wewe au mtu mwingine, hapo usitafute tafsiri ya kishairi. Nenda kituo cha polisi uulize Dawati la Jinsia na Watoto, nenda na mama mdogo, ambaye naona ana moyo wa kuzungumza. Kwa sasa, hata kabla ya lolote, mwombe mwenzako wa duka mfunge pamoja jioni.

Jambo moja limenishughulisha tangu nilipoisoma barua yako. Umenieleza baiskeli yake, kimya chake, njaa yake. Uuguzi umeutaja mara moja tu, tena kama sababu ya yeye kukosa kula. Kozi yenyewe inaanza lini, na ni chuo gani? Ada umeshapata pa kuitoa? Niandikie. Na yeye je, kwa mwezi mzima huu, amewahi kukuuliza?